Apimwe Kwanza: Tamko la Wafugaji Wadogo wa Goma Kuhusu Mzio wa Ngozi wa Kondoo

Kwa viongozi wa Mji wa Goma. Kwa maburugumestri wa komini za Goma na Karisimbi. Kwa msimamizi wa teritwari ya Nyiragongo. Kwa idara ya mkoa inayosimamia kilimo, uvuvi na ufugaji. Kwa waganga wa mifugo na wenye famasi za mifugo. Kwa mashefu wa kartiye, wa avenyi na wa nyumba kumi. Na kwa kila mkaaji anayefuga kondoo au anayeishi jirani na mfugaji.

Sisi, wanachama wa chama cha wafugaji wadogo wa kondoo na mbuzi wa Goma na pembezoni zake, tunaofugia Mugunga, Ndosho, Kyeshero, Majengo, Munigi na Kanyaruchinya, tunatoa tamko hili kwa ajili ya jambo linalotugharimu mifugo, fedha na ujirani mwema kila mvua zinaporudi. Kondoo anaanza kujikuna. Masikio yanavimba, pua inafanya magamba, tumbo linabaki wazi bila manyoya. Jirani anapita, anatupa jicho mara moja, anatamka: gale, yaani upele wa kuambukiza. Hapo hukumu imekwisha kutoka. Mwenye kondoo ataambiwa amtoe avenyi kabla ya jua kuchwa, au atamuuza kwa bei ya kutupa, au atamfunga kwenye nguzo na kumpaka mafuta machafu ya gari mpaka ngozi iwe nyeusi.

Msimamo wetu tunauweka hapa mwanzoni, ili asiye na nafasi ya kusoma yote aondoke nao: kondoo anayewashwa apimwe kwanza, ndipo aamuliwe. Wako kondoo wenye upele wa kuambukiza, hilo hatulikatai. Lakini wako pia wenye mzio, yaani miili yao haivumilii kuumwa na wadudu, hasa usubi. Mzio hauhami kutoka kondoo huyu hadi yule. Haumwambukizi mbuzi wa jirani wala mtoto anayechunga. Kumfukuza kondoo wa namna hiyo ni kumwonea mnyama na kumfukarisha mwenyewe, na ugonjwa unabaki palepale kwa sababu wadudu hawakufukuzwa.

Tueleze tunachokiona, maana wengi wanaotuhukumu hawajakaa zizini saa 12 jioni. Saa hiyo upepo wa ziwa umetulia na moshi wa makaa umeanza kupanda katika nyumba za mbao. Usubi hutoka saa hiyo, na hurudi tena alfajiri. Ni mdudu wa milimita 1 hadi 3, mdogo kiasi cha kupenya tundu la chandarua cha kawaida. Anayenyonya damu ni jike peke yake, kwa ajili ya mayai yake. Hutafuta mahali penye manyoya machache: ukingo wa sikio, kandokando ya macho, pua, kiwele na chuchu, pumbu za dume, tumbo, na miguu kuanzia gotini kwenda chini. Kondoo hutikisa kichwa bila kupumzika, hupiga kwato chini, hujisugua kwenye ubao mpaka misumari ya zizi inabaki na manyoya. Umshike sikio asubuhi: ukingo umekuwa mnene na mgumu kama soli ya kiatu, una magamba ya damu iliyokauka, na ukiubonyeza kidogo unatoa majimaji. Mwenzake aliyelala naye zizi moja na kula nyasi zilezile zilizoletwa na chukudu moja, baiskeli yetu ya mbao, hana hata kipele kimoja.

Huyo mwenzake ndiye shahidi wetu. Upele wa kuambukiza, unaoletwa na viduduvidudu vinavyochimba au kutembea juu ya ngozi, usingemwacha salama kwa muda mrefu.

Damu anayonyonya usubi ni kidogo mno, haiwezi kumdhoofisha kondoo mzima. Taabu iko kwenye mate yake. Mdudu anapouma huacha mate ndani ya ngozi ili damu isigande, na ndani ya mate hayo mna protini ambazo mwili wa baadhi ya kondoo hujifunza kuzichukia. Mara za kwanza hakuna kinachoonekana. Baadaye mwili unakuwa umetengeneza kingamwili dhidi ya mate hayo, na kila mdudu anapouma tena, chembe za ngozi humwaga kemikali zinazovimbisha na kuwasha. Ndiyo maana kondoo aliyekaa vizuri mwaka mzima anaweza kuugua mwaka unaofuata akiwa zizi lilelile. Kisha kujikuna kunafungua majeraha, majeraha yanaingiwa na vijidudu na nzi, na mwisho wa yote mtu anaona kidonda kinachonuka na kusema kilianza hivyo.

Haya hayakubuniwa Goma. Katika Israeli, waganga wa mifugo waliandika mwaka 1993 na tena mwaka 2004 juu ya kondoo waliopatwa na ugonjwa huu wa ngozi kwa kuumwa na usubi, na katika kazi ya 2004 viroboto nao walihusishwa. Katika Brazil ugonjwa huo ulielezwa kwa kondoo wa aina ya Santa Inês, ambao hawana sufi nzito bali manyoya mafupi. Tunawataja hao kwa makusudi: kondoo wetu wa Kivu nao wana manyoya mafupi, hawana blanketi la sufi la kuwakinga. Na kwa farasi jambo hili linajulikana zaidi. Iceland ni nchi ambayo kwa miaka mingi haikuwa na usubi wa namna hii. Farasi waliozaliwa huko wakipelekwa ukubwani katika nchi nyingine za Ulaya huugua mzio huu kwa wingi kuliko ndugu zao waliozaliwa hukohuko ugenini. Mnyama asiyewazoea wadudu tangu utotoni ndiye anayeumia zaidi. Msomaji wa Goma aliyeona kondoo wakishushwa kutoka milima ya Masisi, yenye baridi na upepo, kuja kufungwa kando ya ziwa wakati wa kukimbia vita, ataelewa kwa nini habari ya farasi hao imetushughulisha.

Tuseme sasa juu ya mji wetu. Mgeni akiambiwa Goma kuna wadudu wa matope atacheka, kwa kuwa tunakaa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilitumwagia moto mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021, na maji ya mvua huzama katika mawe hayo upesi. Ni kweli. Lakini usubi hauhitaji bwawa. Unahitaji unyevu na uozo, na hivyo sisi wenyewe tunauandalia. Kwa sababu udongo ni haba, samadi ni mali: tunairundika nyuma ya zizi tukingojea bustani ya mboga, mvua inainyeshea, na chini ya rundo panakuwa tope jeusi lisilokauka. Kwenye robine, yaani bomba la maji la kartiye, maji humwagika toka asubuhi hadi usiku, wanyama wanapita hapo, mavi na maji vinachanganyika. Kuelekea Sake kuna migomba. Shina likishakatwa linaachwa lioze. Watafiti waliofanya kazi nchini Kenya katika miaka ya 1970 walikuta usubi ukizaliana ndani ya mashina ya migomba yanayooza. Mashina kama hayo tunayaona kila tunapotoka nje ya mji, na wengine wetu huyaleta nyumbani kuwa chakula cha mifugo na kuacha mabaki kando ya zizi.

Tena Goma haina baridi kali ya kuua wadudu. Tuko kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, hali ya hewa ni ya wastani Januari hadi Desemba. Katika nchi za baridi, kondoo hupona majira ya baridi yakifika. Hapa pumziko lake pekee ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, na siku zenye upepo, kwa kuwa usubi hauwezi kuruka vizuri penye upepo.

Mama mmoja mwanachama wetu, anayekaa Mugunga, alikuwa na kondoo jike mwenye mimba. Shefu wa avenyi akaja na watu wawili. "Mama, wananiambia kondoo yako iko na gale. Uitoshe mbele ya kesho, itaambukiza nyama zote." Mama akamjibu kwa adabu: "Papa shefu, ni nani aliipima?" Hakuna aliyejibu, na kesho yake kondoo aliuzwa kwa mchuuzi aliyejua fika kwamba mwenye mali hana la kufanya. Hatumtaji shefu huyo wala hatumlaumu sana. Aliogopa kwa ajili ya mifugo ya watu wake, na hakuna aliyewahi kumfundisha tofauti. Lakini swali la mama huyo ndilo swali la tamko hili zima.

Kuhusu dawa tuna maneno makali zaidi.

Mafuta ya gari yaliyotumika yana sumu na vyuma vizito. Yanaziba ngozi iliyokwisha kuvimba, yanaunguza jeraha, kondoo huyalamba, na hatimaye mtu anamla. Hayatibu mzio, hayafukuzi usubi zaidi ya siku chache. Tunataka desturi hii ife.

Ivermectin ni dawa nzuri, na kwa upele wenyewe inafaa sana. Ubaya ni kuichoma kila baada ya wiki kwa kondoo ambaye hana upele, kwa kuwa tu bado anajikuna. Dawa haiuzuii usubi kuuma kesho jioni. Inachofanya ni kuwazoeza minyoo wa tumboni, hasa yule anayenyonya damu na kuua wanakondoo, mpaka siku dawa itakapohitajika kweli isifanye kazi. Tena nyama ya mnyama aliyechomwa juzi inaingia sokoni leo, wakati chupa imeandikwa wazi ni siku ngapi zipite kabla ya kuchinja. Wenye famasi za mifugo wanalijua hilo. Tunawaomba walitamke kwa mnunuzi, maana maandishi ya chupa mara nyingi yako katika lugha ambayo mfugaji haisomi.

Iko sindano nyingine inayopendwa kwa sababu muwasho unatulia usiku uleule, ile ya jamii ya dexamethasone. Katika mikono ya mganga ina kazi yake. Kwa kondoo mwenye mimba kubwa inaweza kumzalisha kabla ya wakati, na inapunguza nguvu ya mwili kupigana na vijidudu. Mfugaji anayeuziwa sindano hiyo bila kuulizwa kama kondoo ana mimba ameuziwa hasara.

Kwa wadudu wenyewe, dawa zinazomwagwa au kupakwa mgongoni za jamii ya pareto zinasaidia kupunguza kuumwa. Hapa kuna jambo ambalo hatuwezi kulipita kimya. Maua ya pareto yamelimwa katika milima ya Kivu tangu enzi ya Wabelgiji, na jirani zetu wa Musanze wanayalima hadi leo. Dawa nyingi za viwandani tunazonunua kwa dola zilibuniwa kwa kuiga sumu ya ua hilo. Mkulima wa milima yetu anauza maua makavu kwa bei ndogo, mfugaji wa mji huohuo ananunua chupa iliyotoka ng'ambo kwa bei kubwa. Wanaopanga uchumi wa mkoa watafakari. Lakini tunaonya: dawa hizi ni sumu kali kwa samaki. Asiwepo mtu wa kumwosha kondoo aliyepakwa dawa, wala kusuuza chupa au pampu yake, katika Ziwa Kivu. Sambaza wa ziwa hilo ndio mboga ya maelfu ya nyumba za Goma, na wavuvi wa Kituku hawana kosa lolote katika habari ya usubi.

Hatutaki tamko hili ligeuke ngao ya kuficha magonjwa. Kwa hiyo tunasema wazi ni wakati gani mfugaji asijidanganye kwa neno mzio. Kondoo wote wa zizi wakiwashwa kwa pamoja, na wanaowashika nao wakiota vipele, hapo fikiria upele wa kuambukiza. Mganga akikwangua ngozi kwa wembe na kuangalia kwa darubini, ataweza kuwaona viduduvidudu vyenyewe. Magamba yakikaa midomoni mwa wanakondoo na kwenye chuchu za mama, huo unaweza kuwa ugonjwa wa midomo unaosababishwa na virusi, nao huhamia hata kwenye vidole vya binadamu. Masikio na uso vikivimba ghafla kwa mnyama aliyeshinda juani baada ya kula vichaka vya lantana, tatizo ni majani. Na mnyama mwenye homa, mafua mazito, vidonda mdomoni na kuhara ni habari nyingine kabisa. Hiyo inaweza kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyotangazwa nchini mwetu mwaka 2012, na ambayo nchi za dunia zilikubaliana Abidjan mwaka 2015 kuitokomeza ifikapo 2030. Vinundu mwili mzima pamoja na homa, fikiria ndui ya kondoo. Magonjwa haya hayafichwi hata siku moja. Mwanachama wetu atakayemhamisha au kumuuza kondoo wa namna hiyo bila kutoa habari hatatetewa na chama.

Na wadudu hawaishii kwenye muwasho. Usubi huohuo ndio unaobeba virusi vya ugonjwa wa ulimi wa buluu. Jambo hilo lilithibitishwa Afrika Kusini mwaka 1944, na mwaka 2006 Ulaya ya kaskazini ilipigwa na ugonjwa huo bila kutarajia. Huo haumpati binadamu. Homa ya Bonde la Ufa inampata. Ilitambuliwa mwaka 1931 katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, wanakondoo wakifa na majike wakitupa mimba, na hubebwa hasa na mbu. Mwaka 2016 ilizuka Kabale, Uganda, ambako si mbali na mpaka wetu. Rwanda iliipata mwaka 2018 na tena mwaka 2022. Kwa hiyo serikali isituone kama watu wanaolilia masikio ya kondoo. Zizi chafu linaloleta mzio leo linaweza kuleta makubwa kesho, na anayeshika kitoto kilichotupwa na kondoo kwa mikono mitupu hajui anashika nini.

Vita imefanya kila kitu kuwa kigumu zaidi. Mapigano yalipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Mwezi uliofuata kambi za waliokimbia zilizouzunguka mji zilibomolewa, familia zikaambiwa zirudi, na zile zilizokuwa zimebakiwa na kondoo mmoja au wawili zikaondoka nao kwa miguu. Sampuli ya ngozi ambayo ingepanda ndege kwenda maabara kuu ya mifugo Kinshasa haina njia rahisi. Butembo kuna kitivo cha uganga wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, lakini barabara ya kwenda huko imekatwa na vita mara kwa mara. Dawa zinazofika zinafika kwa njia ndefu na kwa bei ya njia ndefu. Hatulazimiki kuwa upande wa mtu yeyote ili kusema kwamba mganga wa mifugo, chupa ya chanjo na sanduku la sampuli vinastahili kupita kila kizuizi bila kutozwa kitu.

Kwa hayo yote, tunatamka na kudai yafuatayo.

Asiwepo shefu wa avenyi, wa kartiye au wa nyumba kumi atakayeamuru kondoo aondolewe, auzwe au auawe kwa sababu ya muwasho, kabla mganga wa mifugo hajamwona na kuandika alichokiona. Wakati wa kungoja, mnyama atengwe ndani ya uwanja wa mwenyewe. Hilo linatosha kumlinda jirani. Karatasi ya mganga iheshimiwe sokoni na machinjioni. Nyama ya kondoo mwenye mzio, iliyokaguliwa na ambayo siku za dawa zimepita, haina kosa, na mchuuzi asiitumie ngozi yenye magamba kuwa kisingizio cha kukata bei.

Idara ya ufugaji ya mkoa iweke angalau darubini moja na mtu wa kuitumia mahali ambapo mfugaji wa kawaida anaweza kufika kwa miguu, na gharama ya kukwangua ngozi isizidi uwezo wa mama mwenye kondoo wawili. Kukwangua ngozi ni kazi ya wembe, kioo na tone la mafuta safi. Hakuhitaji ndege wala Kinshasa. Wasomi wa Butembo na wa Chuo Kikuu cha Goma tunawaalika waje mazizini kwetu na mitego ya taa, wakusanye usubi, watuambie ni wa aina gani, unazaliana wapi na unazidi mwezi gani. Mazizi yetu yako wazi kwao jioni yoyote.

Komini zitengeneze mifereji kwenye robine za kartiye ili maji yasitwame. Hili ni dai la zamani la akina mama wanaochota maji, nasi tunaliunga mkono kwa sababu yetu wenyewe.

Sisi nasi hatutakaa tu kungoja. Kuanzia sasa kila mwanachama atatoa samadi zizini kabla haijalundikana, ataianika nyembamba juani au ataifunika kwa turubai. Shina la mgomba litakalobaki litapasuliwa na kuanikwa, lisiachwe lioze kando ya zizi. Kondoo wataingizwa ndani kabla ya saa 11 jioni na hawatatoka mpaka jua limepanda. Wale wanaougua watalazwa mahali pa juu penye upepo kuliko pengine, na moshi mdogo utafukizwa nje ya zizi saa ya usubi, mbali na mbao na nyasi kavu, kwa kuwa nyumba zetu zinashika moto upesi. Mwenye uwezo wa kununua wavu wa matundu madogo sana aufunge dirishani mwa zizi. Hatumwombi mtu yeyote avue chandarua cha watoto akampe kondoo; malaria ingalipo, na mtoto ni mtoto. Jike anayeugua kila mwaka hatutamtumia kuzalisha mbegu ya kundi, kwa kuwa kwa farasi imeonekana mzio huu unarithiwa, nasi tunaona ni busara kujihadhari. Na katika salongo, kazi ya pamoja ya kartiye, wanachama watakuwa wa kwanza kufika na makoleo.

Kwa waganga wa mifugo, wa serikali na wa kujitegemea: mkiitwa kumtazama kondoo anayewashwa, msitoe sindano kabla ya kuuliza analala wapi, ameanza lini, na wenzake wakoje. Maswali hayo matatu hayana bei, na mara nyingi yatawaonyesha njia kabla ya darubini.

Kwa wenzetu wa Masisi, Rutshuru na Lubero: mnaokuja kuuza kondoo Goma, mweleze mnunuzi mnyama ametoka kimo gani na ameishi vipi, ili asimfunge karibu na tope siku ya kwanza. Kwa wanunuzi wa kondoo wa Idi: tazameni mnyama mzima, muulize karatasi ya mganga, msiikimbie kila ngozi yenye gamba.

Na kwa wewe jirani usiyefuga, unayepita kila siku mbele ya zizi letu na kushika pua: haki yako ya kuishi mahali safi tunaikubali, na ukiona uchafu wetu utupigie kelele. Lakini ukimwona kondoo anajikuna, usimpigie simu shefu kwanza. Gonga mlango, mwambie mwenye kondoo amwite mganga, na kama hana pesa ya kumwita, mlete kwenye kamati ya chama. Mganga atalipwa na mfuko wa wanachama.

Imetolewa Goma, kwa niaba ya wanachama wote,
Kamati ya Chama.